Kushuka ni kifundo, kuinuka ni paja

Swali: Assalaam aleikum daktari. Mimi ni fundi wa majahazi hapa Matondoni, Lamu, umri wangu miaka 56. Tangu ujana kazi yangu ilikuwa kukalafati, yaani kuziba nyufa za mbao kwa pamba, nikichutama chini ya chombo tangu maji yanapokupwa mpaka yanaporudi kujaa. Miaka minane iliyopita niliachia vijana kazi ya chini, mimi nikawa wa kusimamia, nakaa kitini. Juzi nimerudi kumsaidia mwenzangu, nikashindwa. Nikichutama visigino vyanyanyuka, cha kulia zaidi, na nikivilazimisha chini naanguka nyuma. Nikishafika chini siinuki mpaka nishike ubao. Msikitini tahiyatu nakaa vizuri bila maumivu, ila kuinukia rakaa ya pili natia ngumi chini. Goti la kulia lalia kama mlango mkongwe. Wenzangu wasema gegedu limekwisha, nianze kusalia kitini. Lakini mwanangu ana miaka 23, mcheza mpira, mapaja kama magogo, na yeye pia hawezi kuchutama visigino vikakaa chini. Na mamangu wa miaka 78 achutama uani akipara samaki mpaka amalize. Je, kinachoniangusha ni viungo au ni nguvu?

Jibu: Wa aleikumu salaam, fundi.

Umeuliza swali moja lakini umeleta watu watatu, na hao watatu wamenisaidia kuliko ungeniletea picha ya goti. Mwanao ana nguvu, hana mkunjo. Mamako ana mkunjo, na nguvu alizo nazo zamtosha kwa kuwa mwili wenyewe ni mwepesi. Wewe umepungukiwa na vyote viwili, na lawama yote imetupiwa goti, ambalo kwa maelezo yako halijafanya kosa kubwa.

Niliondoe goti kwanza, maana najua ndilo linalokutia hofu. Kutembea njiani kunalitaka goti lijikunje kama nyuzi 60 tu. Kukaa kitini ni kama nyuzi 90. Kuchutama mpaka chini kabisa kwataka nyuzi 140 na zaidi, na tahiyatu nayo yataka hivyo hivyo: tako limekalia unyayo, paja limeshikana na tafu, ile nyama ya nyuma ya mguu chini ya goti. Goti linalofika huko juu ya mkeka kila siku, mara kadhaa, bila maumivu, halina sababu ya kukataa kufika huko huko chini ya jahazi. Ama ule mlio, goti likilia bila kuuma wala kuvimba, ule ni mlio tu. Bawaba ikilia hatung'oi mlango.

Sasa tazama mikao hiyo miwili inaachana wapi. Katika tahiyatu unyayo wako wa kushoto umelazwa, mgongo wake uko chini, kifundo kimenyooshwa. Katika kuchutama kifundo hicho hicho chatakiwa kifanye kinyume: muundi uinamie mbele, upite juu ya vidole, na kisigino kisibanduke. Mtu aweza kuwa bingwa wa mkao wa kwanza akashindwa na wa pili, na akishindwa hivyo, goti ametuonyesha mwenyewe kuwa lipo sawa.

Wewe ni mtu wa vyombo, kwa hiyo nitalisema kwa lugha yako. Mwili unaochutama ni chombo kidogo chenye farumi nzito, ule mzigo wa kukituliza chombo, na farumi hiyo ni kiuno na matako. Chombo hakianguki maadamu uzito wote uko juu ya nyayo. Unaposhuka, matako yanarudi nyuma, kwa hiyo lazima magoti yaende mbele kuyasawazisha, na magoti hayaendi mbele ila kifundo kikubali kukunjika. Kifundo kikikaza mwili una njia mbili: kunyanyua kisigino ili muundi upate kuinama, au kubaki na kisigino chini na kuanguka nyuma. Hizo ndizo mbili ulizoniandikia, neno kwa neno. Kuanguka kwako nyuma, basi, hakuna uhusiano na udhaifu. Hata mtu mwenye nguvu za punda ataanguka kama farumi imehama, na mwanao ni shahidi.

Nafanya kazi hii Malindi, na kwangu huja wazee wa Kitaliano walioishi maisha yao yote juu ya viti. Wengi wao hawajachutama tangu utotoni, na wanadhani sisi tumeumbwa na viungo vingine. Sivyo. Ni kweli kwamba maumbile yana sehemu yake: mwenye paja refu na muundi mfupi hulazimika kuinama zaidi, na tundu la nyonga la mtu mmoja limeelekea mbele kuliko la mwingine, ndiyo maana kuna anayechutama miguu ikiwa sambamba na kuna anayehitaji kuitanua na kugeuza vidole nje. Lakini sehemu kubwa ni mazoea. Wachimbaji wa mambo ya kale wakifukua mifupa hupata sehemu ya mbele ya kifundo imeacha alama laini, mfupa wa muundi ulipokuwa ukigusana na mfupa wa chini yake, na alama hiyo huwaambia kwamba mwenyewe alikuwa mtu wa kuchutama. Mamako bila shaka anazo.

Kabla ya kufanya zoezi lolote, jipime. Chukua futi yako ya kazi, simama bila viatu ukiutazama ukuta. Weka kidole gumba cha mguu mbali kidogo na ukuta, kisha peleka goti mbele mpaka liuguse, kisigino kisibanduke hata unene wa karatasi. Sogeza mguu nyuma kidogo kidogo mpaka ufike mahali goti ndiyo kwanza linagusa. Pima kutoka ukutani mpaka kwenye kidole gumba. Sentimita 10 ni kifundo kizuri. Ukipata 4 au 5, hapo ndipo jahazi lilipokwama. Pima miguu yote miwili, maana naona cha kulia kitakuwa nyuma ya cha kushoto. Hukusema kama uliwahi kuteguka kifundo cha kulia, lakini mtu aliyeruka kutoka vyomboni miaka thelathini akaniambia hajawahi, ningemwomba akumbuke vizuri. Kifundo kilichoteguka hupona maumivu, mtu akarudi kazini, na ule mkunjo wa mbele ukabaki nusu kwa miaka bila mwenyewe kujua.

Kipimo cha pili ni cha kitandani. Lala chali, kumbatia magoti yako yote mawili uyavute kifuani. Huko ni kuchutama bila uzito: nyonga imekunjwa, goti limekunjwa, kifundo kimepewa ruhusa. Mapaja yakifika tumboni bila kuchoma kwenye kinena, nyonga zako nazo ziko salama. Kinena kikichoma upande mmoja, au mguu ukikataa kuja moja kwa moja ukakimbilia nje, niandikie tena, kwani nyonga iliyoanza kuchakaa huanza kwa dalili hiyo.

Cha tatu ni kipande cha ubao chenye unene wa sentimita 3. Kiweke chini ya visigino, ushuke. Hapa nikuambie kisa cha mama mmoja muuza samaki aliyekuja kwangu akilalamikia magoti. Alikuwa hawezi tena kuchutama, na kibao cha mbuzi cha kukunia nazi alikuwa amekipandisha juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilimtilia ubao chini ya visigino, akashuka mpaka chini kama msichana, akacheka, akaniambia daktari umenitibu. Nikamwambia haya, inuka. Akajaribu mara moja, mara ya pili akatetemeka mapaja, mara ya tatu akanishika suruali kwa mikono miwili na karibu aniangushe. Ubao ulikuwa umeondoa tatizo la kifundo, na lilipoondoka tukaliona la pili lililokuwa limejificha nyuma yake.

Ndiyo hali yako, fundi, na ndiyo sababu ya ile ngumi unayotia chini.

Kukaa chini ukiwa umechutama, visigino vimetulia, si kazi nzito. Paja limelala juu ya tafu, na nyama hizo zinabeba sehemu ya uzito. Kazi iko katika kuondoka hapo mpaka paja lilale sawa na ardhi, kwani hapo goti na nyonga ziko mbali zaidi na mstari wa uzito, kama mtu anayeinua boriti kwa kushika ncha yake. Wanaofanya kipande hicho ni misuli minne ya mbele ya paja, wakisaidiwa na ya matakoni. Baada ya miaka 30 mwili hupoteza kama asilimia 3 hadi 8 ya misuli kila miaka kumi, na ukishapita 60 kasi huongezeka. Lakini umri peke yake haukukufanyia haya. Kiti ndicho kilichoongeza. Nguvu hukaa pale inapotumika: mwenye kuinuka kutoka kitini tu hubaki na nguvu za nusu ya juu, na nusu ya chini, ile ya kuanzia ardhini mpaka kimo cha kiti, husahaulika. Miaka minane ni mingi.

Kuna watafiti waliokwenda kwa Wahadza, jirani zetu wa kaskazini mwa Tanzania wanaoishi kwa kuwinda na kuchuma, wakachapisha matokeo mwaka 2020. Waliona kwamba Wahadza nao hupumzika karibu saa 10 kwa siku, si pungufu ya watu wa ofisini. Tofauti ni kwamba sehemu ya mapumziko hayo huwa ni kuchutama na kupiga magoti, na katika mikao hiyo misuli ya miguu haizimiki kabisa kama inavyozimika juu ya kiti. Nimewasomea wagonjwa wangu habari hiyo mara nyingi, hasa wale wanaoniambia wamechoka kwa sababu ya kukaa.

Kupima nguvu ni rahisi. Kaa kwenye kiti kigumu kisicho na mikono, kunja mikono kifuani, inuka na kukaa kwa sekunde 30, mtu mwingine ahesabu. Mwanamume wa miaka 60 hadi 64 anayepata chini ya 14 huhesabiwa yuko chini ya wenzake. Wewe bado hujafika 60, kwa hiyo usijifurahishe na 14.

Tuje kwenye dawa. Kifundo kwanza, na hapa wengi hupoteza wakati. Tafu lina misuli miwili mikubwa. Wa nje unaanzia juu ya goti, wa ndani unaanzia chini yake, na wote wawili huungana kwenye kano ya kisigino. Goti likikunjwa, ule wa nje hulegea, na anayebaki kushika breki ni wa ndani. Kwa hiyo lile zoezi la mwanao la kusukuma ukuta huku mguu wa nyuma umenyooka halimsaidii kuchutama. Linamnyoosha yule asiyekosea. Lazima goti likunjwe. Panda mguu mmoja juu ya ngazi ya pili ya nyumba au juu ya baraza fupi, unyayo wote umelala, egemeza mkono na kifua juu ya goti, lisukume mbele lipite vidole, kisigino kikikaza chini. Kaa hapo sekunde 30, pumua, rudi, tena mara nne au tano, kila siku, wa kulia uupe zaidi. Utasikia kuvutika nyuma, chini ya tafu, karibu na kisigino. Ukisikia kubanwa mbele, pale muundi unapokutana na unyayo, kama kwamba kuna kokoto, simama. Hapo ni mfupa au ngozi ya kiungo inayobanwa, si msuli, na kulazimisha kunaichokoza. Hiyo yataka mikono ya mtaalamu.

Na usitarajie wiki moja. Kifundo kikavu cha miaka huomba wiki sita mpaka miezi mitatu. Kama una sukari, huomba zaidi, kwa sababu sukari ikikaa juu damuni kwa muda mrefu hukakamaza kano zenyewe. Usiache kuipima.

Nguvu utaijenga kwa kushuka kimo kwa kimo. Kwenye daka lenu pana baraza ya mawe. Anza hapo, kaa na kuinuka bila mikono, ukishuka kwa hesabu ya nne pole pole na kuinuka kwa kasi yako. Mara nane hadi kumi, pumzika, rudia mara tatu, siku tatu kwa wiki na si kila siku. Ikishakuwa nyepesi, tafuta kimo kilicho chini ya hapo: ngazi, kisha kigogo, kisha kibao cha mbuzi. Kibao cha mbuzi ndicho mwalimu mwenyewe, kimo chake ni karibu na pale nguvu zako zilipopotelea. Mwisho ni ardhi, na ubao wa sentimita 3 chini ya visigino huku kifundo kikiendelea kulainika. Hilo si udanganyifu. Wanyanyua vyuma wa Olimpiki huvaa viatu vyenye visigino vya mbao au plastiki ngumu kwa sababu hiyo hiyo. Siku za mwanzo funga kamba kwenye nguzo uishike, ikusaidie kuinuka. Mikono ifanye kazi kidogo kidogo zaidi kila wiki.

Mapaja yakiuma kesho yake, ni sawa. Goti likivimba kesho yake, umepita kiasi, rudi kimo kimoja juu.

Utaambiwa kwamba kuchutama kunaharibu magoti. Maneno hayo yana asili yake. Mwaka 1961 mtafiti wa Texas, Karl Klein, alidai kwamba kuchutama na uzito mpaka chini hulegeza kano za goti, na kwa miaka mingi walimu wa michezo wakakataza. Waliopima baada yake hawakuona kulegea huko. Lakini sikuambii kwamba hakuna hatari kabisa. Utafiti mwingine, wa wazee wa Beijing, uliona kwamba waliokuwa wakichutama saa nyingi kila siku ujanani walipata zaidi kuchakaa kwa goti uzeeni. Ukiniuliza mimi, nasoma hayo mawili pamoja hivi: kushuka na kuinuka mara nyingi ni chakula cha goti, kubaki chini saa tatu bila kubadilisha ni mzigo. Wewe ulikuwa mtu wa saa tatu, nyundo mkononi, pamba ya kalafati begani, unasogea kama kaa kufuata ufa wa ubao karibu na mkuku. Ukirudi kazini, usirudi vile. Kila dakika kumi simama, au kaa kwenye kigogo, au piga goti moja chini na ubadilishe upande.

Kuna sababu nyingine ya kutokaa muda mrefu. Nje ya goti, chini kidogo, pana mshipa wa fahamu unaopita juu ya mfupa mwembamba bila nyama ya kuulinda. Mkao mrefu wa kuchutama huubana. Ganzi inayoondoka ukisimama haina neno. Lakini ukisimama ukakuta unyayo unaburura, huwezi kuunyanyua mbele, usingoje kesho, nenda hospitali. Vivyo hivyo goti likijifunga likakataa kunyooka, au tafu moja likivimba likawa na joto na kuuma: hilo la mwisho laweza kuwa damu iliyoganda, na si jambo la kukandwa.

Kiti cha kusalia, hukumu yake waulize wanaoijua fiqhi. Kwa upande wangu wa mwili, mtu anayekaa tahiyatu bila maumivu sijamwona kuwa wa kiti bado, na kuinuka kwako kila rakaa ni zoezi ambalo kiti kitakunyang'anya. Ile ngumi acha iendelee kusaidia kwa sasa. Tumia moja badala ya mbili, kisha vidole.

Mwanao mpe zoezi la ngazi tu. Vyuma vya paja anavyo vya kutosha, na nina hakika ananyanyua uzito mkubwa kwa kushuka nusu. Mamako usimguse. Ila mwekee kitu imara cha kushika karibu na pale anapoparia samaki, kwa sababu mwenye miaka 78 huanguka wakati wa kuinuka, na sakafu ya uani yenye magamba huteleza.

Sentimita zako za leo, za kulia na za kushoto, ziandike ukutani kwa penseli ya kazi, pamoja na tarehe. Pima tena baada ya wiki sita, asubuhi, mahali hapo hapo, uniletee namba zote nne.